Wiski ya Taifa Haina Moshi

Jina la nchi hii haliruhusiwi kutajwa ila mtu awe amesimama wima, kofia mkononi, miguu imebanana. Mimi ninaandika nimekaa, na mgongo wenyewe ndio huu wa siku hizi, kwa hiyo tutaiita Nchi tu na yaishe. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina Mtukufu Mlezi wa Taifa, na ina wizara arobaini na sita, kila moja na bendera yake.

Katika Wizara ya Karamu na Heshima, ghorofa ya chini, nyuma ya stoo ya viti vya plastiki, palikuwa na chumba chenye meza moja, kiti kimoja na beseni la kutemea. Hapo ndipo alipofanyia kazi Bwana Anastazi Lweno, Mwonjaji Mkuu wa Serikali. Aliitwa Mkuu ingawa chini yake hakuwa na mtu. Kila kilichokwenda Ikulu kuliwa au kunywewa kilipita kwanza kinywani mwake. Sumu haikumhusu, sumu ilikuwa na idara yake, yenye watumishi wengi na nafasi za kazi zinazotangazwa kila mwezi. Lweno alionja ladha tu, akajaza Fomu ya Ladha, akagonga muhuri.

Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vinne: tamu, chungu, chachu, chumvi. Chini yake palikuwa na mstari mfupi ulioandikwa "Mengineyo (yasiwepo)". Kwa miaka kumi na tisa Lweno hakuwahi kuugusa mstari ule.

Alikula chakula chake cha mchana peke yake. Wenzake walimwogopa, si kwa ubaya, ila nani atamkaribisha mwonjaji wa serikali mezani kwake, aje amchungulie mke wake chumvi? Harusi za wizarani alizisikia kwa jirani. Mtu akifiwa, Lweno alitoa rambirambi yake, akashukuriwa, akaambiwa asijisumbue kubaki kula. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akapika ugali wa mtu mmoja, ambao kila anayeupika anajua haupikiki vizuri.

Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo hakulisema popote. Lweno alizaliwa Luhoze.

*

Luhoze kilikuwa kinamasi kikubwa, na watu wake walichimba tope la chini, wakalikata kama matofali, wakalianika juani, wakapikia. Kuni hazikuwapo. Moshi wa tope lile ulikaa kwenye nywele, kwenye blanketi, kwenye samaki, kwenye daftari za shule. Kisha Mtukufu Mlezi akapenda gofu. Kinamasi kikakaushwa, nyasi zikaletwa kwa ndege, ukazaliwa Uwanja wa Gofu wa Umoja wenye mashimo kumi na manane na la kumi na tisa la akiba. Na kwa kuwa serikali yenye huruma haiwezi kuwafukuza watu kwao, ilipitishwa Sheria ya Ramani Sahihi, iliyothibitisha kwamba mahali pale palikuwa pakavu tangu kuumbwa kwa dunia na hapajawahi kukaa mtu. Watu ambao hawakuwahi kukaa pale walipakiwa kwenye malori.

Walitawanywa kwa utaalamu mkubwa. Kanuni ilisema wasiwekwe wawili katika wilaya moja, maana mtu mmoja akikumbuka kitu ni ndoto, wawili wakikumbuka ni ushahidi. Lweno alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alipelekwa kaskazini, na baada ya miaka mitatu ikaja barua kwamba amefariki na kwamba barua isijibiwe. Aliyelitaja jina la Luhoze hadharani alipelekwa Chuo cha Kusahihisha Kumbukumbu kwa miezi sita, na wengine walihitimu vizuri mno, hata wakarudi hawajui majina yao.

Miaka ishirini na saba ilipita. Katika miaka yote hiyo Lweno hakukutana na mtu mmoja wa kwao. Sokoni aliwatazama wauza samaki usoni. Hospitalini alisikiliza lafudhi za wagonjwa. Wakati mwingine, akiwa amechoka, alianza kufikiri kwamba labda sheria ilisema kweli, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejitungia utoto.

*

Basi ikawa Mtukufu Mlezi anatimiza miaka themanini, kwa mara ya tatu, na mabalozi wakaleta zawadi. Balozi mmoja wa nchi ya baridi alileta chupa ya wiski kutoka Uskoti, kutoka kisiwa kidogo huko, ya shayiri tupu, iliyokaa kwenye pipa la mbao miaka arobaini na mmoja. Pipa lilikuwa moja, na chupa za aina ile zilizobaki duniani hazikuzidi kumi. Iliwekwa kwenye sanduku lenye kitambaa cha hariri, ikaletwa kwa Lweno na askari wawili na karani wa kushuhudia.

Lweno alimimina kiasi cha kijiko kikubwa kwenye glasi. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyopoa. Akainusa.

Akaiweka glasi chini. Akainusa tena.

"Kuna tatizo, Bwana Mwonjaji?" karani aliuliza.

"Hapana," alisema Lweno.

Akaonja. Kwanza ulimi ulichomwa kidogo, kisha kikaja kitu cha mafuta mafuta, kama ngozi ya samaki aliyekaushwa, kisha chumvi, kisha dawa, ile ya kidondani ambayo manesi wa zamani walikuwa nayo. Na nyuma ya vyote, polepole, bila haraka ya mtu aliyealikwa, ukaja moshi. Haukuwa moshi wa kuni wala wa mkaa. Ulikuwa moshi wa tope la kinamasi lililoanikwa, la chini kabisa, lile jeusi. Mwisho ukaja utamu mdogo wa asali, na moshi ukabaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Ndiyo, kumeza. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Lweno hakutema.

Alipiga hesabu. Wiski ile ilitiwa pipani yeye akiwa mtoto wa mwaka mmoja, anatambaa kwenye majivu ya jiko la mama yake. Watu wa mbali kabisa, wasiomjua, walichimba tope kama la kwao, wakalichoma, moshi wake wakaufungia kwenye pipa. Hapa Nchini kila kitu kilikaushwa na kupandwa nyasi, na huko moshi umetunzwa miaka arobaini na mmoja kwa usalama. Lweno alilia. Karani aliandika: "Mwonjaji ametokwa na maji ya macho, kiasi cha kawaida."

Na kwa furaha, bila kufikiri, Lweno akachukua kalamu akaandika kwenye mstari wa Mengineyo: "Moshi."

*

Kosa lilikuwa hilo. Katika Nchi hii, chakula kikiwa na moshi kimeungua, na kilichoungua kina mpishi aliyekuwa anapiga soga. Hakuna tafsiri nyingine. Kabla ya saa sita Waziri wa Karamu na Heshima, Mheshimiwa Peregrini Ndomba, alikuwa ameitisha Kamati ya Dharura.

"Ndugu wajumbe," alisema, akiwa amesimama ili ajione vizuri kwenye kioo cha ukutani, "tumeletewa kinywaji kilichounguzwa. Narudia, kilichounguzwa. Mtukufu Mlezi ananyweshwa ukoko! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatukumsifu, na bado ameunguza."

Wajumbe walipiga meza. Kila mmoja alionja ili ajiridhishe, na wengine walijiridhisha mara mbili. Lweno alisimama pembeni akiwatazama nyuso zao mmoja mmoja. Labda mmoja wao atafumba macho. Labda mmoja ataacha kutafuna karanga.

"Hospitali," alisema mjumbe wa kwanza.

"Tairi," alisema wa pili.

"Nyumba ya jirani ikiungua," alisema wa tatu, na akaongeza glasi.

Hakufumba macho hata mmoja.

Barua iliandikwa ubalozini, ikitaka jina la mpishi aliyeunguza, na hatua zilizochukuliwa dhidi yake. Balozi alijibu kwa adabu kwamba moshi ule ni wa makusudi, kwamba shayiri hukaushwa juu ya moto wa tope la kinamasi, na kwamba watu husafiri mbali kuutafuta. Waziri aliisoma barua mbele ya kamati kwa sauti ya ushindi.

"Wamekiri! Tena wanasema makusudi!"

Zawadi ya taifa haiwezi kurudishwa, na karamu ilikuwa Jumamosi. Ikaamuliwa kwamba wiski itolewe moshi. Aliitwa Bi Hadia, Mpishi Mkuu wa Ikulu, mwanamke mnene mwenye mikono ya kazi, aliyekuwa ameokoa pilau nyingi za serikali.

"Hilo dogo," alisema. "Wali ukishika moto unauhamisha sufuria, hukwangui chini, unaweka mkate juu, unafunika. Mkate unavuta. Kesho mtasahau."

*

Wiski ya miaka arobaini na mmoja ikamiminwa kwenye sufuria ya aluminiamu yenye nembo ya taifa. Juu yake kikaelea kipande cha mkate. Asubuhi Lweno aliitwa aonje.

Moshi ulikuwapo, lakini umerudi nyuma hatua moja. Asali ilikuwa imekwisha.

"Upo?" aliuliza Waziri.

Lweno alikuwa mtu mkweli, na ukweli ndio uliokuwa mshahara wake. "Upo, Mheshimiwa."

Bi Hadia akatia karafuu kumi na mbili na kipande cha mkaa kilichofungwa kwenye kitambaa, maana mkaa nao unavuta. Siku ya pili Lweno alionja tena. Safari hii ilibidi autafute. Karafuu zilisimama mlangoni, chumvi haikuwapo, dawa haikuwapo, na moshi ulikuwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Lakini alikuwa yeye. Lweno aliifahamu sauti.

"Upo?"

Lweno alimtazama Bi Hadia, ambaye tayari alikuwa anamenya kitunguu kikubwa. Kitunguu kingemaliza kazi. Wiski ile ilikuwa moja, na moshi uliobaki ndani yake ndio pekee uliobaki Nchini kutoka tope la aina ile. Akisema upo, utatolewa. Ili ubaki, ilimlazimu aape kwamba haupo.

"Nimeuliza, Bwana Lweno. Upo au haupo?"

"Haupo, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Haujawahi kuwapo," alisema Lweno. Aliongeza neno hilo ili aaminiwe, na lilivyomtoka lilimtisha, kwa sababu alilitambua. Lilikuwa kwenye ibara ya pili ya Sheria ya Ramani Sahihi.

Akatia sahihi cheti. "Inathibitishwa kwamba wiski ya taifa haina moshi." Muhuri ukagongwa. Bi Hadia akala kitunguu chake na chumvi.

*

Karamu ilifanyika mchana wa Jumamosi, wageni mia mbili na sita, chini ya hema jeupe la Ikulu. Hotuba zilianza saa nne, na saa nane zilikuwa zimefika utotoni mwa Mtukufu Mlezi, ambaye, kwa mujibu wa wasifu rasmi, alizaliwa Ikulu miaka tisa kabla Ikulu haijajengwa. Kisha wiski ikaletwa kwenye trei ya fedha, vikombe vidogo vya kimo cha kidole gumba, kwa meza kuu peke yake. Trei aliibeba Lweno mwenyewe, maana itifaki inataka aliyethibitisha ndiye ahudumu.

Mtukufu Mlezi alikunywa. Alikohoa mara nne. Meza nzima ilimtazama ijue imesikia nini.

"Haina moshi," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Haina kabisa!" alisema Waziri Ndomba, akikohoa.

"Hata chembe," alisema Spika, na hakuweza kuendelea. Balozi naye alikunywa, akakutana na karafuu, akatabasamu. Ubalozi ni kazi ya kumeza.

Mwisho wa meza alikaa mama mkwe wa Mtukufu Mlezi, Bibi Felesia, mama wa mke mdogo. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye khanga mbili na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Aliletwa Ikulu mwaka uliopita kutoka wilaya ya mbali, na katika fomu yake, kwenye sehemu ya "kwao", karani aliandika "Ikulu" ili kuokoa muda. Sasa, Mtukufu Mlezi hakuwa anamwogopa mtu. Alishawafunga majenerali, alishawabishia madaktari wa moyo wake mwenyewe. Lakini mkwe ni mkwe. Mila ya Nchi inasema mama mkwe hatazamwi usoni wala habishiwi, na ndiyo maana itifaki ilikuwa imeweka kati yao chombo kikubwa cha maua.

Bibi Felesia alinusa kikombe chake. Akanywa kidogo. Akafumba macho.

Lweno alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake. Aliona mabega ya yule bibi yakishuka, taratibu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Jamani," alisema Bibi Felesia. "Hiki kinanuka kwetu."

Waziri Ndomba akacheka kwa heshima. "Ikulu, Bibi! Ndiyo, kinanuka Ikulu!"

"Ikulu gani? Luhoze. Huu moshi wa tope, tena tope la chini, jeusi. La juu haliungui hivi, la juu lina majani. Hili tulikuwa tunakaushia kambare."

Mtu wa Idara ya Kumbukumbu, aliyekuwa amekaa karibu na keki, alitoa kalamu. Wote walimgeukia Mtukufu Mlezi, lakini Mtukufu Mlezi alikuwa anayatazama maua.

"Mama amesema," aliyaambia maua. "Na Mama akishasema, mimi sina mdomo. Ila serikali ina mtaalamu. Mtaalamu hana ukwe na mtu. Atueleze."

Macho mia nne na zaidi yakahamia kwa Lweno. Bibi Felesia naye akageuka kwenye kiti, akamtazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Ehe, mwanangu. Wewe si ndiye unayeonja? Waambie. Moshi upo, haupo?"

Miaka ishirini na saba alikuwa akimtafuta mtu huyu. Hakumtafuta yeye hasa, alimtafuta yeyote, na alikuwa amejiapia kwamba siku akimpata atapiga magoti barabarani. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni. Kusema "upo" kungemchukua nusu ya pumzi. Alijua pia kwamba bibi hatafanywa kitu, mama mkwe hagusiki. Atakayepelekwa Chuoni ni yeye. Alikiona Chuo, akayaona malango yake, akamwona mtu anayetoka humo asiyejua hata kwamba aliwahi kuonja kitu. Aliogopa. Sina namna nyingine ya kulieleza, na sitamtetea.

"Haupo, Bibi," alisema.

Hema likapumua. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, lakini bibi hakuwa amemaliza.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Hapa hapa mjini."

"Na mama yako alikuwa anapikia nini?"

Lweno aliushika ukingo wa trei kwa nguvu. "Gesi, Bibi."

Hapo makofi yalilipuka kweli kweli, kwa kuwa gesi ya majumbani ilikuwa moja ya mafanikio ya serikali. Waziri wa Nishati aliinuka akainama pande zote tatu. Mtukufu Mlezi aliyaambia maua kwamba wataalamu wetu ni hazina.

Bibi Felesia alitikisa kichwa polepole. Alimalizia kikombe chake mpaka tone la mwisho, bila kukohoa hata mara moja, akakirudisha kwenye trei.

"Basi nimebaki mwenyewe," alisema, na hakumwambia mtu. "Nilidhani tupo hata wawili."

Wakaja wauguzi wawili, wakamwambia amechoka, wakamshika mikono wakaondoka naye. Hotuba ya wasifu iliendelea ilipoishia. Kabla ya saa kumi Lweno alivalishwa Nishani ya Ulimi Safi, daraja la pili, na watu ambao hawakuwahi kumpa mkono walisimama mstari kumpa mkono.

*

Jumatatu alianza kuuliza bibi anakaa wapi. Aliambiwa jengo la nyuma, ghorofa ya pili, na kwamba wageni huenda kwa kibali. Akachukua Fomu ya Kuwatembelea Wazee wa Ikulu, akaijaza kwa mwandiko wake bora. Kwenye "sababu" aliandika: "Ni mtu wa kwetu." Aliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Kisha akaipeleka mwenyewe kwa miguu, kabla hajabadili mawazo, akaikabidhi dirishani, akadai risiti. Safari hii alikuwa tayari kwa lolote, hata kwa Chuo.

Hakuna aliyekuja kumkamata. Ilikuja barua, baada ya siku kumi na nne.

"Ndugu A. Lweno, Mwonjaji Mkuu. Ofisi imepokea ombi lako na kulichunguza kwa makini. Kwa mujibu wa maelezo yako mwenyewe, uliyoyatoa mbele ya Mtukufu Mlezi na mashahidi mia mbili na sita, wewe ni mwenyeji wa mjini na mama yako alipikia gesi. Huna ujamaa wowote na Bibi Felesia. Tunachukulia sentensi uliyoandika kuwa ni kosa la uchovu, na kwa heshima ya nishani yako tumeifuta. Ombi limekataliwa. Bibi amearifiwa kwamba hakuna mtu aliyemwulizia."

Lweno aliisoma barua ile mara tatu, akitafuta mahali walipokosea ili akate rufaa, na hakupaona.